Radhi ya Suleimani

Assalaam alaykum. Shehe wetu, wazee wangu shikamooni, akina mama mlioko ndani na barazani, majirani wa hapa Pongwe na nyinyi mliotoka Usagara mjini, naitwa Mselem Mbwana Jambia, fundi wa kuchomelea vyuma, mdogo wake marehemu, na familia imenituma nisome historia yake kabla hatujamtoa kwenda kumswalia. Kipaza sauti nimekizima mwenyewe kwa makusudi, kwa hiyo naomba mvumilie sauti yangu, na wenye bodaboda pale njiani wazime injini.

Karatasi hii aliiandika marehemu kwa mkono wake tarehe 30 Novemba mwaka jana, akanikabidhi mimi. Leo baada ya swala ya Alfajiri ami yetu, Mzee Ibrahimu, aliichukua, akafuta kwa kalamu nyekundu mistari kumi na minne, akaniambia kwamba maiti hasemwi ila kwa mema, na kwamba nikiisoma mistari ile nisimhesabu tena kuwa ami yangu. Namheshimu, ndiye aliyetulea baba alipotutoka, lakini mistari bado inasomeka chini ya wino, na mimi nitaisoma.

Marehemu Sabiri Mbwana Jambia alizaliwa tarehe 14 Agosti 1979 hapa Pongwe, mtoto wa tatu kati ya watano wa marehemu Mzee Mbwana Jambia na mama yetu Bi Mboni, ambaye yuko chumbani na anasikia kila neno. Alisoma madrasa na shule ya msingi hapa hapa Pongwe, akamaliza darasa la saba mwaka 1993, akaendelea na sekondari mjini Tanga hadi kidato cha nne mwaka 1997, ambako alirusha tufe vizuri na hesabu zikamshinda, nasema alivyosema mwenyewe. Mwaka 1999 alipata kazi ya upakiaji bandarini, akaifanya kwa miaka saba, akabeba magunia mpaka mwili ukajaa, fulana zangu akazipasua zote.

Machi 2006 alifungua jimu Usagara, ndani ya ghala la familia ya rafiki yake Altaf Hasanali, ambaye yuko nasi hapa, na vyuma vyote vya mwanzo nilivichomelea mimi. Alikuwa kocha hodari, mkali, mwenye utani, na alikuwa na tabia moja, akikwambia unyanyue mara kumi ujue utanyanyua kumi na tano, kila moja anaiita ya mwisho.

Wino mwekundu unaanzia hapa.

Februari 2013 Bi Nasma, aliyekuwa jirani wa jimu, alimleta mwanawe Suleimani, kijana wa miaka kumi na tisa mwenye usonji, ambaye maneno yake ni machache, hupenda mambo yaende kwa mpango ule ule kila siku, na kelele kwake ni maumivu kabisa, si usumbufu. Bi Nasma alimweleza Sabiri mambo mawili tu, kwamba asimshike mwanawe kwa nyuma, na kwamba akitaka kumgusa amwambie kwanza, kisha angoje. Kwa miezi minne kila kitu kilikwenda sawa, Suleimani akikimbia kwenye mashine dakika arobaini, hazipungui wala hazizidi, na Sabiri alimpenda.

Tarehe 8 Juni 2013, siku ya Jumamosi, palikuwa na mashindano ya kunyanyua vyuma, jimu imejaa, spika mbili zimefunguliwa hadi mwisho, Suleimani akaziba masikio akaelekea mlangoni, na Sabiri, akidhani kijana anakimbilia barabarani, alimkumbatia kwa nyuma, kwa mikono ile ile ya bandarini, akamnyanyua juu. Nasoma alivyoandika: “Nilikumbuka maneno ya mama yake mikono yangu ikiwa imeshamfunga, na bado sikumwachia, kwa sababu watu walikuwa wananitazama.” Suleimani alijitupa ili ajinasue, wote wawili wakaangukia vyuma, Sabiri akavunjika mtulinga, na Suleimani akapondwa mguu wa kushoto, ambao mpaka leo anauburuta.

Kabla hawajafikishwa hospitali mtaa mzima ulikuwa unasema kichaa kampiga mwalimu. Sabiri alilisikia neno hilo akiwa kitandani, na akalinyamazia, maana harusi yake ilikuwa imebakiza miezi isiyotimia mitatu na alihofia wakwe na jimu yake. Na mimi ninayewasomea hapa ndiye niliyelitembeza neno lile vijiweni, nikiigiza kaka alivyoangushwa, watu wakishika mbavu, na leo nasimama mbele ya jeneza lake naona haya. Kwa neno lile wenye bodaboda walikataa kumpakia Suleimani, msikitini watu walihama safu akija, mama yake akauza nyumba ya Usagara akahamia huku Pongwe, na kwa miaka minne kijana yule hakutoka nje ya ua wao.

Ami, nimekuona ukisimama, naomba ukae, mistari iliyobaki ni michache.

Tarehe 31 Agosti 2013 marehemu alifunga ndoa na Bi Hafsa Semboja, wakajaliwa watoto wawili, Mboni aliyezaliwa mwaka 2014 na Mbwana aliyezaliwa mwaka 2017. Shemeji yangu aliolewa na mtu aliyeambiwa kwamba ameshambuliwa, ukweli akaupata mwaka jana wodini, alikasirika siku tatu hakumsemesha, kisha akaendelea kumwosha na kumlisha.

Mei 2017 Sabiri alikwenda kwa Bi Nasma hapa Pongwe, mara nne hakufunguliwa, mara ya tano alifunguliwa, akamkuta Suleimani anakimbia kuzunguka ua, mguu unaburuta, udongo umechimbika njia kwa miaka ya mizunguko ile ile. Bi Nasma alimwambia kama amekuja kulia aondoke, kama amekuja kujifunza kuna kigoda. Alikikalia kigoda kile kila Jumapili kwa mwaka mzima, akasafiri Dar es Salaam kwa semina za usonji, na Septemba 2018 yeye na Bi Nasma wakaanza kuwafundisha makocha wengine, katika ukumbi wa kuazima kule Raskazone, namna ya kuwafanyisha mazoezi watu wenye usonji, na wale ambao mawazo yao hayatulii mahali pamoja, na wote ambao jimu zetu zilikuwa zikiwafukuza.

Wamepita mikononi mwao makocha sitini na watatu, wa Tanga mjini, Muheza na Pangani. Waliwafundisha kupunguza muziki kabla mtu hajaomba, kuonyesha kwa picha mazoezi ya siku yalivyopangwa, kutomgusa mtu bila kumwambia, na kutoongeza hata moja juu ya hesabu waliyoitaja, jambo lililomfelisha Daniel wa Muheza mara tatu, maana ulimi wake kila ukifika kumi unasema bado moja, naye yuko hapa anacheka kwa aibu. Mtihani mgumu kuliko yote ulikuwa ni wa kuuliza swali mara moja na kunyamaza, bila kulirudia, bila kumsogelea mtu, hata dakika ipite, na watu wanaonyanyua kilo mia walitoka pale wamelowa jasho.

Lakini somo la kwanza, kwa kila kundi, Sabiri alilianza kwa kusema kwamba hapo zamani kulikuwa na mwalimu mmoja. Alisimulia spika, mlango, mikono, mtulinga, yote, ila jina. Makocha wakamsikitikia kijana, wakamlaani mwalimu yule, wasijue kuwa ndiye aliyesimama mbele yao, na Bi Nasma amekaa kiti cha nyuma anasikiliza, kwa sababu aliahidiwa kwamba jina litatajwa kundi lijalo, kisha mwaka ujao, kisha baada ya Ramadhani. Ahadi hiyo ilikaa miaka saba. Suleimani mwenyewe hakuwahi kukanyaga ukumbi ule, na huku mtaani bado anaitwa yule aliyempiga mwalimu.

Aprili 2025 marehemu aligundulika kuwa figo zake zimeshindwa, akaanza kusafishwa damu mara mbili kwa wiki, Novemba akadhoofika, ndipo alipoandika karatasi hii, na jana Jumatano, tarehe 14 Januari 2026, saa kumi na moja jioni, alifariki dunia akiwa na umri wa miaka arobaini na sita.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomsafisha damu kwa miezi tisa, Altaf aliyempeleka na kumrudisha kila mara kwa gari lake, majirani wa Pongwe kwa vyakula na mabusati, makocha wote mliokuja, na Bi Nasma, ambaye alimfundisha mtu aliyemuumizia mwana.

Desturi yetu mnaijua, msomaji husema kama marehemu alimkosea mtu asamehewe, tunaitikia wote kwa pamoja kwamba tumesamehe, tunanyanyua jeneza. Sabiri ameandika hivi: “Usiwaulize wote. Watasamehe haraka kwa kuwa hawakukosewa. Muulize Suleimani.” Jana niliporudi kutoka hospitali nilikwenda kwa Bi Nasma, naye akanijibu kwamba radhi yake ameshatoa, ya mwanawe haiwezi kutoka mdomoni mwake.

Suleimani yuko hapa, amesimama kwenye ukuta karibu na tangi la maji, na naomba msigeuke wote kumtazama. Ameshaelezwa kitakachofuata, kwamba nitamwita, nitauliza mara moja, nanyi mtakaa kimya. Anaweza kusema neno, anaweza kutikisa kichwa, anaweza kuja kuligusa jeneza, au kwenda zake, na akienda hilo nalo ni jibu, tutamzika kaka yangu na deni hilo, na asitokee mtu wa kumfuata nyumbani kumbembeleza. Najua maiti haicheleweshwi, shehe ameturuhusu tungoje.

Karatasi za namna hii humalizika kwa msomaji kumwambia marehemu apumzike kwa amani. Mimi neno hilo sina ruhusa ya kulitoa.

Suleimani, ni Mselem. Kaka yangu Sabiri alikushika, nawe hukufanya kosa, akakuacha uitwe kichaa. Hukumpiga. Unamsamehe?