Meya Aliyesimama Mpaka Nyota Zikatoka

Ndugu waombolezaji, mimi ni Dismas, shemeji wa marehemu. Jana dada yangu Hedwiga aliniuliza jambo moja tu. Kwa Wayahudi, waombolezaji wenyewe hushika chepe na kufukia kaburi mpaka lijae. Mumewe hakuwa na kaka wala dada, na ndugu zetu wa Morogoro hawawezi kuwahi. Nani atamfukia?

Mzee Hirsch Abelman alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, Doornfontein, hapa Johannesburg. Alisoma huko huko mpaka sekondari, kisha akashika duka la vitambaa la baba yake, Marshalltown. Mwaka 1977 siasa zilimfukuza nchini, akaishia Morogoro, na huko ndiko alikotuibia Hedwiga. Walioana mwaka 1985, baada ya dada kuingia dini ya mumewe. Baba yetu alinuna mwaka mzima. Hirsch alikuja kumsalimia kila Jumapili, hadi mzee akachoka kununa.

Mwaka 1991 walirudi Johannesburg, akalifufua duka. Mwaka 2009 alichaguliwa meya wa jiji, na sisi mashemeji tulivimba vichwa, sitaficha.

Jumamosi moja wakubwa fulani walituma malori kuwaondoa mafundi cherehani wa barabarani, Marshalltown. Siku waliichagua makusudi: siku ya Sabato Hirsch hakupanda gari, hakushika simu, hakuandika. Walisahau kwamba ana miguu. Alitembea kutoka nyumbani kwake Norwood na suti yake ya sinagogi, jasho likimtiririka.

Mkuu wa malori akamwambia, "Mheshimiwa, tia sahihi hapa kwamba umetuzuia, tuondoke."

"Leo siandiki. Tusubiri nyota."

Akasimama mbele ya cherehani ya Gaston, fundi wa Bukavu. Gaston akamsogezea kiti. "Eish, baba meya, kaa basi."

"Nikikaa watadhani nimechoka."

Nyota tatu zilipotoka, Sabato ikaisha, akaomba kalamu, akatia sahihi, na malori yakaondoka matupu. Mafundi wale wapo pale pale hadi leo.

Moyo ulianza kumsumbua mwaka 2023. Alifariki jana alfajiri, Jumanne tarehe 11 Novemba 2025, nyumbani, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe. Inauma sana.

Ameacha mjane wake Hedwiga, binti yao Suzan, na mjukuu wao Sipho, anayeelewa Kiswahili chetu na kutujibu kwa Kizulu.

Dada, inua macho utazame getini. Gaston amefunga kazi, na barabara nzima imekuja naye. Wameshapanga foleni ya chepe, na hakuna atakayeondoka kabla kaburi halijajaa.

Sasa kaa, baba meya. Upumzike.