Wa Kumi Mbele ya wa Pili

Kule Kasongo, pale barabara ya Kabambare inapoanza kuharibika, kuna ubao uliong'olewa kwenye kamio, lori la mizigo lililokufa, ukawekwa juu ya mawe mawili. Ubao huo unabeba makalio ya watu wa pikipiki wanaongoja abiria, birika la kahawa la Mama Anastasie na uongo wa Papa Placide, na bado haujavunjika. Asubuhi ile ulikaribia. Serge, ambaye ubaoni anaitwa Ingénieur kwa sababu anajifunza kuandika programu kwenye simu, alikuwa ameketi katikati, masikio yanamuwaka kwa hasira. Mbele yake alisimama Yakubu, mwenye hasira ya kumshinda.

Kisa chenyewe kilikuwa hiki. Tangu mwanzo wa juma, watu wa pikipiki walikubali simu ya Serge ishike mustari wao. Anayefika anapewa numero, simu inapanga, abiria akitokea simu inaita. Siku za kwanza, pikipiki zikiwa chache, mambo yalikwenda kama mafuta. Lakini leo ilikuwa siku ya soko, pikipiki zikajaa. Simu ikaita wa kwanza, akaenda. Kisha ikaita wa kumi.

Wa kumi alikuwa Jean-Pierre, ndugu wa mke wa Serge, aliyefika jua limeshapanda, kijiti cha meno mdomoni. Akampakia mfanyabiashara wa Kabambare na magunia yake, safari nono kuliko zote, akapotelea kwenye vumbi. Yakubu, aliyekuja wa pili akitoka moja kwa moja kwenye swala ya alfajiri, akabaki amekumbatia kofia yake ya pikipiki kama mtoto wa kufikia. Simu ilipoita wa kumi na moja, aliifunika kwa kiganja.

— Jean-Pierre akirudi, anavua jile ya parking, alisema, akivuta kizibao chake cha kituo. Na wewe unavua yako. Tulikupa mustari, wewe umeufanya wa bukwe.

Serge aliapa kwa kaburi la baba yake kwamba hakumpendelea shemeki. Hakuna aliyemuamini, na kibaya zaidi, yeye mwenyewe hakujua jambo hilo limetoka wapi. Hapo ndipo hasira ilipomkaba. Juma zima lililopita luga ile ya mashini ilikuwa ikimtukana. Ni luga kali: kwake namba ni namba na neno ni neno, havipikwi chungu kimoja. Serge akijaribu kuunga numero na jina la mtu, inamuandikia kwa rangi nyekundu: nilingoja neno, umeniletea namba. Ilikuwa kama mtu wa bariyeri anayefungua kila furushi na kuuliza hiki nini, na hiki nini. Jumapili, baada ya kukosa kwaya kwa ajili yake, uvumilivu ulimuishia. Akazifunga numero zote ndani ya alama za maneno, zile za kunukuu, ziwe maneno kama mengine. Mashini ikanyamaza. Serge akalala akijua ameshinda.

Papa Placide hakungoja kuulizwa. Alisema jambo liko wazi: wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na aliyefika mwisho ndiye mgeni, basi simu ina adabu kuliko Yakubu. Yakubu alimwambia adabu hiyo aipeleke kwake nyumbani. Placide akabadilisha gia. Kwani simu hiyo haikutengenezwa Salamabila? Kule kwenye dahabu, mutu akifuata mustari anakufa njaa. Simu imejifunza tabia za machimbo. Tena samaki mkunje angali mbichi, alisema, na simu hii ilikunjwa ikiwa imekauka.

— Simu alipewa na nani? aliuliza Mama Anastasie, akimimina.

Ubao wote ulijua jibu.

— Mama mukwe, alisema Serge.

— Basi maneno yameisha. Simu ya mama mukwe itamuacha vipi mutoto wa mama mukwe kwenye jua? Iko inamtumikia mwenyewe.

Watu walicheka, hata waliokuwa wamekasirika, na kicheko hicho kilimchoma Serge kuliko matusi. Alisema kwamba programu aliipima palepale, mbele yao, kwa vikombe: kila kikombe kilikuwa pikipiki, kila kimoja na numero yake, na vyote viliitwa kwa zamu bila kosa.

— Hiyo kweli, alisema Anastasie. Vikombe vyangu vyote tisa. Cha kumi Placide alikivunja wakati wa Pasaka, hajakileta mpaka leo.

Placide akaanza kujitetea, lakini Serge hakumsikia tena. Alikuwa anahesabu vikombe. Hakuwahi kupita tisa.

Aliinamia simu, na alipoinua kichwa sauti ilikuwa imeshuka. Aliwaeleza kwamba maneno mashini inayapanga kama majina ya shuleni: inatazama herufi ya mbele. Kumi inaandikwa moja na sifuri, inaanza kwa moja, basi inasimama na moja, mbele ya mbili. Kumi na moja vilevile. Ingekuwa inajua kwamba ni namba, ingehesabu. Lakini yeye aliiambia ni maneno.

— Kwa hiyo si Jean-Pierre, alisema Yakubu polepole.

— Si Jean-Pierre. Ni mimi. Ilikuwa inanikataza, nikaifunga kinywa.

Ungedhani Yakubu angepoa. Alizidi kuvimba.

— Heri ungekuwa uchawi, alisema. Uchawi, mutu anajua fasi ya kuupeleka.

Wakati huo mwanamke mmoja alikuwa amesimama kando, beseni kichwani, hakuna aliyemuona. Jina lake Hidaya. Dada yake amejifungua Kabambare, na alitaka kujua anapanda pikipiki ya nani. Wakamjibu kwa pamoja angoje, Ingénieur anatengeneza simu. Hidaya akatua beseni. Akauliza huyu aliyenuna amefika saa ngapi.

— Huyo ni wa pili, alisema Anastasie. Mimi nilimpa kahawa, birika bado halijachemka vizuri.

— Na mimi nilimuona, alisema Placide. Wote tulimuona.

Wengine wakaitikia kwa vichwa. Hidaya aliwatazama mmoja mmoja, tangu mwanzo wa ubao mpaka mwisho.

— Sasa kama wote mulimuona, mulikuwa munauliza simu nini?

Placide, mtu mwenye methali hata ya kwikwi, alishika beseni amsaidie kupanda. Yakubu alivaa kofia yake, akapiga pikipiki teke ikawaka, Hidaya akapanda na beseni lake. Kabla ya kuondoka alimgeukia Serge.

— Jile ya Jean-Pierre ibaki. Yako tutaona jioni.

Vumbi lilipotulia Serge alizivua numero zote alama alizozifungia. Papo hapo simu ikajaa rangi nyekundu, matusi yaleyale ya juma lililopita, mustari kwa mustari. Bila kuinua macho alinyoosha kikombe chake kwa Anastasie. Mama akaliinamisha birika mpaka mwisho. Likatoa masimbi matupu, mashapo ya kahawa.

— Imeisha, Ingénieur. Soma tu vile unavyotukanwa.