Kijiko cha Pili

MATILDA: Haloo? Nani mwenzangu?

MANYANDA: Ni mimi, mjinga wa leo. Mwingine humpati Katavi nzima.

MATILDA: Manyanda? Mbona namba hii—

MANYANDA: Laini ya pili. Ile nyingine huku Karema haishiki. Sikia, niko chooni kwenu.

MATILDA: Chooni? Siku ya kujitambulisha kwa wazazi wangu?

MANYANDA: Taratibu, mama! Mjomba wako Venant kasimama hapo nje anakohoa. Na hana mafua.

MATILDA: Umefanya nini?

MANYANDA: Nimeonja tu. Tumemaliza samaki wa migebuka, baba yako akatoa chupa nyeusi, eti aliachiwa na yule padri Mwitaliano enzi akiwa mpishi wa misheni. Akamimina kijiko. "Onja, mwanangu, uniambie ni kitu gani."

MATILDA: Ile chupa.

MANYANDA: Unaijua?

MATILDA: Evarist alipokuja kumposa binamu yangu, aliionja akaitema yote kwenye shati la baba. Akasema dawa ya minyoo. Mke akapewa siku ileile. Wewe ulisemaje?

MANYANDA: (mikwaruzo) ...cha pili.

MATILDA: Unakatika. Nini cha pili?

MANYANDA: Niliomba kijiko cha pili.

MATILDA: Mungu wangu.

MANYANDA: Nihakikishe! Mati, uchungu wake hauna papara. Inaanza tamu, kama sukari iliyoungua, linafuata ganda la chungwa, halafu mizizi, majani, yaani mwarobaini uliosomeshwa! Nikamwambia mzee hivyohivyo. Nikasema hii ni ya baada ya kula, inashusha chakula.

MATILDA: Hapo ukanyamaza.

MANYANDA: Ningenyamaza ningekuwa chooni? Nikasema kwa ukali haiifikii gongo, ila bia imeiacha mbali. Na ingepata barafu—

MATILDA: Barafu!

MANYANDA: Ukumbi mzima ukaacha kutafuna. Mama yako akaondoa sahani yangu. Shangazi akahamishia kigoda chake mlangoni, akakalia. Aloyce, mshenga wangu mwenyewe, anahesabu mabati.

MATILDA: Na baba?

MANYANDA: Kauliza polepole tu: "Si ulisema hunywi?" Nikashika tumbo, nikatoka. Na kidirisha cha huku hakipitishi hata kifaranga.

MATILDA: Unajua kwa nini anauliza. Dada Mariana alirudi kutoka kwa yule mlevi wake taya limefungwa waya.

MANYANDA: Mimi si yule. Nimewahi kukuinulia mkono?

MATILDA: Yule naye hakuanza na mkono.

MANYANDA: Mati? Haloo?

MATILDA: Nipo.

MANYANDA: Basi mpigie mzee. Mwambie hayo niliyasikia redioni, kipindi cha mapishi, wanaeleza vya Ulaya—

MATILDA: Nimdanganye baba.

MANYANDA: Kidogo tu! Nikitoka hapa bila neno lako, nimekukosa, ujue... Anagonga. Nakuja, mjomba! Bado kidogo! Mati, haraka, hii betri inakufa.

MATILDA: Simpigii.

MANYANDA: Kwani kosa langu lipi? Mzee kauliza ladha, nimemjibu ukweli. Tangu lini mtu anafungiwa chooni kwa kusema ukweli?

MATILDA: Baba kakuuliza mara moja, ukamwambia ukweli. Mimi nakuuliza kama unakunywa, mwaka wa pili huu.