Kicheko cha Mama Pasi Kisikatwe

Mgeni rasmi, mwongozaji wa filamu,

Sisi madobi tunakukaribisha tena kwenye mvuke wetu. Kiti ulichokalia ni cha Mama Pasi, na hakuna aliyekikalia tangu tulipomzika. Kaa kwa raha, mwenyewe asingekunyima.

TULIKOTOKA

Ulipokuja na kamera zako, Mama Pasi ndiye aliyekuwa mkubwa wetu. Alizeekea kwenye meza ile ya dirishani, akinyoosha mashati ya maharusi na suti za wafiwa. Mtu akinuna, alimwambia aje apigiwe pasi uso.

TUNAYOJIVUNIA

Bila shaka unalikumbuka vazi la mwigizaji wako, lile mlilolipaka masizi na mafuta makusudi ili afanane na sisi. Mlipokwenda kula, Mama Pasi alilikuta limetundikwa msumarini. Akalifua, akalitia wanga, akalikausha kwa pasi, akalirudisha pale pale likimeta. Mliporudi, fundi wako wa mavazi nusura azirai. Mama Pasi akamgeuzia kibao:

"Sasa mwanangu, dobi gani anavaa vile? Hata haya hamna?"

Alipoelezwa kwamba uchafu ule ulikuwa wa kazi, alicheka mpaka akashikilia meza. Nasi tukamfuata, nawe mgeni rasmi ukacheka hadi ukafuta machozi. Kumbe kamera ilikuwa haijazimwa.

CHANGAMOTO

Tumesikia wakubwa wako wanataka kicheko kile kikatwe. Eti watazamaji hawatamhurumia maskini anayecheka. Mgeni rasmi, mvuke huu unatuchoma, miguu inavimba, na kifua ndicho kilichomwondoa Mama Pasi. Hayo yaonyeshe, hatukatai. Lakini kulia tunalia kwetu. Hapa tunacheka, la sivyo kutwa haiishi.

OMBI

Tunalo moja tu. Yule mzee aliyeketi mstari wa mbele, mwenye fimbo, ndiye mume wa marehemu. Macho yake yalikwisha zamani, masikio yangali mazima. Filamu yako hataiona, ataisikia. Usimkatie.

Mungu aushike mkono wako pale utakaposhika mkasi, akufikishe salama kwa watu wako.

Na kabla hujaondoka, tuachie koti lako kidogo. Lina doa la chai mkononi. Tumeliona tangu unashuka garini. Mama Pasi asingekubali utoke nalo.

Ni sisi,
Madobi wa Meza ya Dirishani