Papa Honoré Mbonigaba na Filimbi Iliyoita Ng'ombe

Tarehe 31 Desemba 1968, baada ya miaka ishirini na mmoja ya kazi katika Nyumba ya Biashara ya Mama Kavugho, Papa Honoré Mbonigaba, mwendesha sinema wetu, anastaafu. Nimeombwa mimi Faustin, dereva, niandike wasifu wake, kwa sababu nimekaa naye ndani ya lori zaidi kuliko mkewe alivyokaa naye nyumbani. Mama Geneviève, utusamehe.

Alianza mwaka 1947 kama mpakiaji wa magunia ya maharage. Marehemu mume wa Mama Kavugho aliponunua mashine ya sinema, alitaka mtu mwenye mikono mipole, akamchagua Honoré kwa kuwa hakuwahi kupasua gunia. Tangu hapo alizunguka na mashine, jenereta na kitambaa cheupe, kutoka Bweremana ziwani mpaka misitu ya Walikale, akionyesha filamu mchana katika kumbi zilizozibwa madirisha kwa mablanketi. Barabara ya Ngungu siizungumzii. Kule tulilisukuma lori zaidi ya lilivyotubeba.

Mwaka 1962 ikatufikia ile filamu. Ilikuwa ikae nasi miezi michache tu, lakini misukosuko ikaja, barabara zikafungwa, na wenyewe huko mji mkuu wakatusahau. Ni hadithi ya zamani za Ulaya: wanaume wa milimani, watu wazima wenye ndevu na sketi, jupe kama tunavyoziita kwetu, wanapigania ardhi ya baba zao dhidi ya mfalme mwenye nywele za kubandika. Bibi Mukankusi wa Bihambwe aliielewa kabla haijafika katikati.

"Bale bantu iko ba kwetu," alisema. "Mvula, milima, ng'ombe, na kugombania shamba. Ni jupe tu njo inabapoteza."

Honoré hakuipendea hadithi. Aliipendea muziki. Padri mmoja alitueleza kwamba mtunzi alichukua nyimbo za Wakelti, watu wa kale wa nchi za ukungu, akazitia ndani ya orkestra kubwa. Mimi nilipolisikia mara ya kwanza zumari lao lenye mfuko wa ngozi, nilitoka kuangalia kama kuna mbuzi aliyebanwa chini ya lori. Honoré akanirudisha kwa kunishika shati.

"Faustin, sikiliza kwa chini," aliniambia. "Kuko sauti moja haitembee. Zingine zote zinaenda kutembea, ile inachunga nyumba."

Nilisikiliza, na kweli ilikuwepo, sauti nene iliyokaa palepale huku fidla zikirukaruka juu yake. Basi nikawa nimeharibika. Kuanzia hapo safari zetu zote zilikuwa somo. Kinubi kilipoingia pale mama wa shujaa anapokoka moto, Honoré aliacha kutafuna chochote kilichokuwa mdomoni. Vita vya katikati, vyenye tarumbeta nyingi, alividharau. Alisema hapo mtunzi alikuwa na njaa.

Lakini moyo wake ulikuwa kwenye bobine ya mwisho, yaani gurudumu la mwisho la mkanda wa filamu. Shujaa anarudi kwao peke yake. Ngoma zinanyamaza, fidla zinanyamaza, inabaki filimbi moja ikirudia wimbo wa mwanzo, polepole, na chini yake ile sauti inayochunga nyumba. Honoré alisema filamu yote ilitengenezwa kwa ajili ya hapo, na kwamba mengine yote ni barabara tu.

Sasa, kila mtu wa Masisi anajua kwamba mchungaji huwaita ng'ombe wake kwa filimbi waje kunywa maji ya chumvi. Sisi sote tulijua, na hakuna aliyefikiria. Siku ya kwanza Bihambwe tulitundika spika nje ili tuvute watu. Filimbi ikalia. Ng'ombe wa Mzee Sebarenzi wakavunja ua, wakaingia ukumbini mbio, na wa mbele akatokea upande wa pili akiwa amekivaa kitambaa chetu. Watu wa nyuma walidhani ni sehemu ya filamu, wakapiga makofi.

"Zima filimbi yako, Honoré!" Sebarenzi alipiga kelele. "Ng'ombe zangu zinaingia mu sinema bila tiketi!"

Tangu siku hiyo wakubwa wa vilima wakatukataza ile filimbi popote penye ng'ombe. Na huku Masisi, ni wapi hakuna ng'ombe? Miaka sita Honoré alizungusha kifungo cha sauti kwa mkono wake mwenyewe, mahali alipopapenda kuliko pote, uso kama wa mtu anayemeza kwinini. Walikale hakuna ng'ombe, lakini mvua ya Walikale juu ya mabati haimwachii mtu sikio. Bweremana, wauza samaki walikimbilia mitumbwi yao mara tu mfalme aliposhindwa, wakiangusha mabenchi.

Mwezi huu wenye filamu wametukumbuka, wanaitaka Kinshasa. Honoré hakulalamikia kustaafu. Alichoniambia njiani ni kwamba ataondoka bila watu kusikia mwisho hata mara moja, na akageuza uso dirishani. Iliniuma sana, nikamweleza Mama Kavugho. Alitoa gunia zima la chumvi dukani, tukalipeleka kwa Sebarenzi.

"Nitabapa asubui mpaka bakatae bao benyewe," mzee akaahidi.

Juzi Jumapili, Bihambwe, ng'ombe walikunywa mpaka wakalala. Ukumbi ulijaa. Filimbi ilipoanza, mkono wa Honoré ulikwenda kwenye kifungo kwa mazoea, na mkewe, Mama Geneviève, akaukamata, akaushikilia. Hakuna benchi lililolia. Bibi Mukankusi alijifuta macho akisingizia moshi, na moshi haukuwepo. Filimbi ikaisha, sauti nene ikabaki peke yake kidogo, nayo ikaisha. Kisha huko nje ng'ombe mmoja akalia, chini kabisa, sauti ileile.

Mimi nilicheka. Honoré, machozi mashavuni, alitikisa kichwa kama mwalimu.

"Iko juste," akasema, yaani ng'ombe hakukosea sauti.

Sebarenzi amemzawadia mtamba, mtoto wa yule aliyevaa kitambaa chetu. Honoré amemwita Bobine. Na kwa kuwa mtamba lazima aitwe, mstaafu wetu ameshika filimbi. Jana jioni alisimama uani kwake akapiga wimbo wa mwisho wa filamu. Bobine akaja. Wakaja pia ng'ombe wote wa Sebarenzi, na nyuma yao Sebarenzi mwenyewe, fimbo juu, mdomo wazi tayari kwa matusi. Alifika kwenye ua, akashusha fimbo, akangoja wimbo uishe ndipo akaanza kutukana.

Papa Honoré, asante kwa kazi yako, na kwa masikio uliyotupa. Sasa hakuna wa kukuzimia kifungo. Wote wa Nyumba ya Mama Kavugho tunakutakia maisha mema, marefu, na chumvi ya kutosha.

Faustin, dereva