Mpira wa Kupitia Ukutani

Mama aliyepakata mpira mpya alimweleza mzee aliyeketi naye ndani ya basi, fundi wa meza za biliadi, kwamba mtoto wa mumewe hapokei kitu mkononi mwake. "Nikimrushia mpira, anautazama tu ukipita, kana kwamba mimi sipo." Nami, ambaye sikuulizwa, nilitega sikio.

"Usimrushie yeye, mwanangu," alisema mzee. "Urushie ukuta, kwa mshazari. Unavyoingia kwa mshazari huku, ndivyo unavyotokea kule aliko. Ataudaka kabla hajakumbuka kununa."

"Na usipomfikia?"

"Ukuta hula nguvu kidogo. Hakuna mpira unaorudi na kasi yake yote. Basi wewe sogea karibu."

"Mzee wangu, mtoto si meza ya biliadi."

"Kweli. Meza hainuni."

Basi lilipofunga breki kwenye kituo cha yule mama, mpira ulimponyoka, ukabingirika hadi miguuni pangu. Sikumpa mkononi. Niliudundisha sakafuni kwa mshazari, naye akaudaka kwa mikono miwili kabla hajatambua ni nani aliyeurusha. Alinitazama, akautazama mpira, kisha akashuka taratibu akiwa ameukumbatia.