Hasira za Jirani Zilivyozaa Nyanya Zangu

Shikamooni wazee wangu. Akina mama wenzangu, hamjambo? Mwenyekiti wetu ameniambia niwe mfupi. Mimi na ufupi hatujawahi kupatana, lakini nitajitahidi.

Leo mnaniona nacheka hovyo. Wachache mnakumbuka nilivyokuwa mwaka ule tulipohamia hapa kijijini. Kule kwetu bondeni nilikuwa na bustani ya nyanya, watu walitoka mbali kuzifuata. Hapa nikapewa kiwanja katikati ya safu za nyumba, mbuzi wa kijiji kizima wakipita mlangoni. Kila mche niliopanda uliliwa. Na mume wangu alikuwa amefariki juzi juzi tu. Ndugu zangu, nawaambia kweli tupu: nikaanza pombe ya mtama. Asubuhi pombe, jioni pombe. Shemeji yangu akaja akanikuta nimelala uani, jua utosini, mtoto ana njaa. Akamchukua binti yangu wa miaka saba, akaenda naye kwake Nduguti. Akaniambia, "Shemeji, nitamrudisha siku nitakayoona kitu kimeota mikononi mwako."

Wee! Maneno yale yalinichoma. Nikaacha pombe, nikairudia, nikaacha tena. Nikasema, kama nje kuna mbuzi, nitalima ndani. Nikajaza udongo na samadi kwenye madebe manne, nikayapanga sebuleni, la kwanza chini ya dirisha, mengine yakifuata ukuta. Dirisha nikaliziba kwa chandarua chakavu, hata nzi asipite. Miche ikastawi! Ikatoa maua ya njano, nikawa nayasalimia kila nikiamka. Kisha yakaanza kupukutika. Hata tunda moja halikushika.

Hapa mnivumilie, maana aibu yenyewe iko hapa. Nilisema ni jicho baya. Na aliyewahi kuchungulia dirishani kwangu alikuwa jirani yangu mmoja, simtaji. Nikamfuata kisimani, nikamwita mchawi mbele za watu. Nikarudi nikafunga na mlango. Maua mapya yakatoka, nayo yakaanza kudondoka.

Ikaja mvua kubwa, ukuta wa jiko la jirani yule ukaanguka. Nikamwona mlangoni, amebeba kinu na kapu la uwele.

"Sijaja kwako," akasema. "Nimekuja penye paa kavu. Wanangu hawajala."

Ningemfukuzaje? Akaweka kinu karibu na debe la kwanza, akatwanga. Jamani, alitwanga! Kila pigo lilikuwa langu. Sakafu inatetema, maua yanatikisika, nikaona unga mwembamba wa njano ukidondokea majani. Alikuja siku nne hivyo hivyo, bila salamu.

Wiki iliyofuata nikaona vitunda viwili, vidogo kama punje za mtama, kwenye debe lile la karibu na kinu. Madebe ya mbali, patupu. Nikatoka mbio pekupeku, nikamshika jirani mkono. "Njoo uone ulichofanya!" Maskini, alidhani namtukana tena.

Tukamwita bwana shamba. Akacheka sana. "Ua la nyanya lina dume na jike humo humo," akasema. "Nje, upepo na nyuki hulitikisa, unga ukadondoka, tunda likashika. Wewe mama umeyafungia. Nani ayatikise?" Tangu hapo nagonga mashina kwa kijiti kila jua likipanda, taratibu, na madebe yote manne yakazaa.

Shemeji alipokuja, alikuta nyanya nyekundu zimeinamia sakafu. Akachuma moja akaila palepale, shati likachafuka. Jumapili yake binti yangu akashuka kwenye lori na kifurushi chake. Nililia mpaka mtoto akawa ndiye anayenibembeleza.

Namshukuru Mungu, nawashukuru shemeji na bwana shamba. Na wewe mama unayejificha kwa khanga hapo nyuma, nisamehe. Nilikuita mchawi, nawe ukaniletea mwanangu kwa mchi wako.

Wenzangu, ukianguka usijifungie ndani. Mimi chandarua nimekitoa, mlango uko wazi, na kinu kiko palepale sebuleni. Mwenye uwele aje atwange kwangu. Na mwenye kinyongo na mimi, huyo atangulie.